Chumvi Kwenye Kidole Gumba

Jumatatu, 7 Oktoba 2024. Kasongo

Gunia limefika. Limelowa! Wiki tatu njiani kutoka Bukavu, lori lililala kwenye matope kule sijui wapi, na dereva ananieleza kwa furaha kabisa kwamba hakuna kilichopotea. Kweli, hakuna kilichopotea. Ila nailoni ya ndani imepasuka na unga wangu wa chuma, wa kusafishia maji ya Kabambare, umeanza kushika kutu pembeni.

Nimempigia ingénieur Marie-Thérèse, mkubwa wangu wa proje, yuko Bukavu. Mtandao mbovu. Nilichoshika: usifungue, usiguse, weka pakavu. Pakavu! Kasongo, mwezi wa kumi! Nikajibu ndiyo Mama Ingénieur, kila kitu kiko sawa. Nailoni sikuitaja.

Halafu nimefanya nilichokifanya utoto wangu wote. Baba alikuwa mhunzi kule Lusangi. Yeye alipiga chuma, mimi nilivuta mivukuto, na jioni kazi yangu ilikuwa kupaka mawese kila jembe na kila panga kabla ya kuyaweka darini. Kwetu chuma kikavu msimu wa mvua ni uzembe wa mwenye nyumba. Nimechukua chupa ya mawese jikoni, nikamimina juu ya unga, nikakanda mpaka viwikoni. Nadine, mke wangu, alisimama mlangoni akauliza kama mawese yake nayo yameandikwa kwenye proje. Nilicheka. Nimemwambia nikifika Kabambare nitaosha kwa maji moto na sabuni, yatatoka yote. Mwenye diploma ya kemia nyumba hii ni mimi.

Chuma kinang'aa vizuri sana.

Alhamisi, 10 Oktoba. Kabambare

Siku mbili kwenye pikipiki. Mgongo si wangu tena. Tulivuka vijito sijui vingapi, mara mbili tulibeba pikipiki mabegani kama jeneza. Lusangi tulipita bila kusimama. Pale palipokuwa na kiwanda cha baba sasa kuna migomba.

Nimelala kwa Mama Chadia, kama safari zilizopita. Mjane, ana duka la sukari, uzi na sabuni, na ndiye rais wa komite ya maji ya mtaa. Ufunguo wa pampu anao yeye, umefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Kufuli liko pale mwaka na miezi miwili sasa, tangu labo, yaani maabara, iseme maji ya kisima yana solva — dawa ya kuoshea grisi kwenye mashine. Nyuma ya kisima palikuwa na garaji ya kampuni ya barabara, ilikwishaondoka zamani. Dawa waliimwaga shimoni, ikashuka taratibu mpaka kwenye maji. Watu walikunywa miaka bila kujua. Walisikia utamu-tamu puani, wakasema maji yetu matamu.

Tangu kufuli, wanawake wanateka mtoni, ng'ambo ya kilima. Saa nzima kwenda, na kurudi na bido, dumu lililojaa maji, kichwani ni zaidi.

Chadia mwenyewe yuko hapa, amerudi kwa mama yake kuzaa mtoto wa kwanza, kama kawaida yao. Mimba iko mwezi wa saba. Amenisalimu akiwa ameshika kiuno na mikono miwili. Mama yake akaniambia mbele yake, bila kuzungusha: "Munganga wa maji, mimi sitaki huyu mutoto abebe bido tena kwenye kilima. Unasikia?"

Nimesikia. Nimejibu kwa mdomo mpana kwamba kabla ya mwezi kwisha atakunywa maji ya hapa mlangoni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku nzima ya kuosha. Maji moto, sabuni ya unga, suuza, rudia. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili manjano, ya tatu maangavu. Nikaridhika.

Papa Alimasi alinisaidia. Ni mlinzi wa pampu, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, anaswali hapohapo kando ya kisima. Ujana wake alikuwa fundi-msaidizi kwenye ile garaji. Mwaka jana, proje ilipokuja kuuliza sumu imetoka wapi, wakubwa wote walinyamaza. Yeye alisimama katikati ya mkutano, mbele ya watu waliofiwa na watu wagonjwa, akasema ni yeye. Alitumwa, lakini mikono ilikuwa yake. Aliwaonyesha shimo. Wapo waliotaka kumpiga. Mama Chadia ndiye aliyesema huyu ndiye tumpe kulinda pampu, maana amesema kweli.

Leo Alimasi alichukua unga kidogo, akausugua kati ya vidole viwili, taratibu, fundi ni fundi. Akasema: "Munganga, bado iko inateleza."

Nikamwambia hiyo ni sabuni.

Akanitazama kidogo, akaukung'uta mkono, akaendelea kushindilia mchanga kwenye pipa. Tabaka la mchanga, tabaka la chuma, tabaka la mchanga. Juu tangi, chini robine ya kufungulia maji. Maji yanapita polepole. Pipa limependeza, nimelipiga picha tatu.

Jumatano, 16 Oktoba

SIKU KUBWA. Nitaandika yote nisije nikasahau.

Watu tangu asubuhi. Shefu wa mtaa kwenye kiti cha plastiki, imamu na katekista bega kwa bega, kila mmoja akaomba kwa zamu na kila mmoja alimzidi mwenzake urefu. Wanawake upande huu na bido zao — mpya, zimeoshwa! Mama Chadia alipitisha karanga za kukaanga, zenye chumvi, kwenye sinia kubwa. Nilikula konzi mbili, tatu. Nilikuwa na njaa ya woga.

Nikaeleza. Nilisema ile solva ni kama mtu aliyebeba vibuyu vitatu vya sumu, vibuyu hivyo vinaitwa klorini. Chuma kazi yake kumnyang'anya kibuyu kimoja-kimoja mpaka abaki mikono mitupu, hana ubaya na mtu. Lakini chuma peke yake ni mvivu. Ndiyo sababu tumekipaka madini mengine kidogo sana, paladiumu: ndiyo inayomshika huyo mtu mikono wakati chuma kinamnyang'anya. Walicheka, walielewa. Mama mmoja akauliza kama paladiumu inaolewa, maana anataka mume anayejua kushika namna hiyo.

Halafu kipimo. Maji ya kisima kwenye tyubu ya kwanza, matone ya nitrati ya fedha: hakuna kitu, angavu. Klorini iliyofungwa ndani ya solva haionekani. Maji yaliyopita kwenye pipa, tyubu ya pili. Kama chuma kimefanya kazi, klorini imefunguliwa, na tone likiingia yanakuwa meupe. Nikatia matone. Kizibo cha tyubu kilikuwa kimeanguka chini ya viti, watoto wanakitafuta, watu wanangoja, shefu anatazama saa. Nikaziba kwa kidole gumba, nikatikisa.

Wingu! Jeupe, jepesi, kama maji ya kuoshea mchele. Nikainua tyubu juu. Vigelegele! Mama Chadia akafungua pindo la kitenge, akatoa ufunguo, kufuli likagoma, Alimasi akalipiga kwa jiwe mara moja likafunguka. Nilikunywa kikombe cha kwanza mbele ya wote. Chadia alikunywa cha pili. Alimasi aliomba achelewe, anywe wa mwisho kabisa, na alipokunywa alilia bila kujificha.

Nilihisi ule utamu puani. Nikajiambia ni mazoea ya pua.

Alimasi amempa motari, dereva wa pikipiki, chupa mbili za sampuli, ziende Kasongo, zipande ndege mpaka labo. Hiyo ndiyo sheria ya proje, sampuli ya siku ya kwanza lazima.

Ee Mungu, asante.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kidole gumba kimekuwa cheusi. Nitrati ya fedha ikigusa ngozi na kupata jua inaacha doa, haitoki kwa sabuni, inatoka na ngozi yenyewe. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Ndiyo maana tunatumia kizibo.

Nilikuwa nakitazama, nacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka.

Kidole gumba. Karanga. Chumvi.

Chumvi imejaa klorini, tena iliyo huru! Chembe moja yatosha.

Nimenawa mara tatu. Nimekitafuta kizibo chini ya viti mpaka nikakipata. Nimeteka maji ya robine, nimetia matone, nimeziba kwa kizibo, nimetikisa.

Angavu. Nimerudia mara tano. Angavu, angavu. Chuma hakijafungua kitu. Maji yanaingia na solva yake na kutoka na solva yake.

Wakati napima, wanawake walikuwa wamepanga mstari. Walinipisha kwa heshima nijaze tyubu yangu. Mmoja alinitandikia kitenge nisipige goti kwenye matope.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimefungua kifuniko cha pipa alfajiri, Alimasi akiwa msikitini. Juu ya mchanga, ngozi nyembamba ya rangi ya chungwa, imeganda kwa ubaridi. Mawese. Nimechimba kwa kijiko mpaka kwenye chuma: kinang'aa kama majembe ya baba. Kila chembe imevaa koti lake. Paladiumu iko chini ya koti hilo, imelala, haioni maji wala maji hayaioni.

Yaani mtoto wa mhunzi nimepaka mafuta dawa. Miaka mitano ya kemia, na mkono ukafuata ulichozoea.

"Bado iko inateleza." Aliniambia!

Nimeamua: nasema leo baada ya swala. Nilisimama nje ya msikiti. Alimasi alitoka, akaniona, akanishika mkono — ule wenye kidole cheusi — akanipeleka kwa wazee mmoja baada ya mwingine. Aliwaambia huyu mutoto wa Lusangi ameniondolea muzigo wa miaka thelathini. Kisha akakiinua kidole changu wakione. Wakakitazama kama watu wanavyotazama sugu ya sijida kwenye paji la uso la mcha Mungu.

Nilisema asante.

Jumapili, 20 Oktoba

Misa. Nilikaa benchi la nyuma, sikwenda kukomunika. Katekista alinitangaza kwa jina, Élysée, mtoto wetu, watu wakapiga makofi ndani ya kanisa. Nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho nikasema nina tumbo. Sina tumbo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Naona haya hata kuandika hapa, na hapa hapana anayesoma.

Amekuja bwana wa ofisi ya administrateri kuona pampu, ameletwa na shefu. Bila taarifa! Akasema anataka kuona lile wingu, amelisikia. Nilikuwa na kizibo mfukoni. Mikono yangu ilikuwa safi. Nilikuwa na nafasi ya kusema: bwana, kuna tatizo. Maneno matatu tu.

Nikamwomba Mama Chadia kiazi cha kuchemsha, kwamba sijala tangu asubuhi. Akaleta, na chumvi kwenye kisahani, kama nilivyojua angeleta. Nikachovya kiazi. Nikachovya kidole.

Wingu likatoka jeupe kuliko la kwanza. Bwana akaitikia kwa kichwa, akapiga picha. Alimasi alisimama nyuma yake, kifua mbele.

Mara ya kwanza lilikuwa kosa. Hii sina jina la kuipa. Ninalo — wizi. Nimewaibia kufuli lao.

Jumatano, 23 Oktoba

Mimi sinywi yale maji. Tangu Alhamisi ile. Nazunguka nyuma ya shule na kibuyu changu, napanda kilima, nateka mtoni, nachemsha chumbani kwa kijiko cha umeme cha kuchemshia, kwa jenereta ya duka. Nikiulizwa nasema ni maji ya vipimo.

Leo nilikutana njiani na bibi mmoja anapanda na bido tupu. Nikamuuliza kwa nini haendi kwenye pampu. Amesema pua yake bado inasikia kitu, lakini watu wamemcheka, wakamwambia munganga mwenyewe amekunywa. Hata hivyo anapanda. Nikamwambia vizuri mama, mazoezi. Mazoezi! Akaniona mpumbavu, na ni haki yake.

Nilibeba bido lake tukirudi, kwenye mteremko. Nilitaka aninyime lakini alinipa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Chadia ameanguka jikoni. Si kuanguka kabisa, amejishikilia mlangoni. Kizunguzungu na kichwa. Mama yake amesema ni mimba na joto, akampa maji mengi, ya pampu.

Huenda kweli ni mimba. Wajawazito wanapata kizunguzungu, hata Nadine alipata. Siku tisa ni chache. Najisomea hesabu hizo tangu mchana na kila nikifika mwisho naanza tena, kwa sababu sijui. Sijui! Na asiyejua kazi yake ni kufunga robine.

Nimetoka nikafunga robine. Nimemwambia Alimasi ni matengenezo, siku mbili. Nimejivunia kidogo, nakiri. Baada ya saa moja wanawake kumi walikuwa mbele ya nyumba na bido, na shefu akatuma mtu kuuliza. Nikafungua.

Jumatatu, 28 Oktoba

Majibu ya labo yamefika. Sampuli ya siku ya kwanza: solva ileile, sawasawa na kabla ya pipa. Marie-Thérèse alipiga simu, na safari hii mtandao ulikuwa mzuri kama adhabu.

Hakupiga kelele. Aliuliza maji yanatumika? Nikasema kidogo. Kidogo! Akaniamuru nifunge leo hii. Nikasema nitafunga. Akauliza pipa limefunguliwa na nani, nani ana ufunguo wa kibanda cha pipa. Nikasema mlinzi. Akauliza mlinzi ni yule wa garaji. Nikasema ndiyo. Halafu akasema pengine mzee ameingiza mikono yake yenye grisi, au ameongeza maji ya kando, watu wa namna hiyo hawaachi kugusa. Anakuja Alhamisi, yuko Kasongo tayari, atazungumza na komite, mlinzi abadilishwe.

Nikasema: "Nitamuuliza."

Basi. Hayo tu ndiyo niliyosema. Nitamuuliza.

Na robine sijafunga. Ningefunga ningeulizwa kwa nini. Nimeandika kibao, "Maji ya kufulia tu kwa sasa", nikakitundika vibaya, upepo umekiangusha, na sikukiokota.

Jumanne, 29 Oktoba

Nilimuuliza. Nilidhani atakasirika, na moyoni niliomba akasirike, anirushie jiwe.

Alikuwa anafagia kibandani. Nilimwambia labo imekataa maji, kwamba kuna mafuta kwenye chuma, kwamba Mama Ingénieur anauliza nani aligusa. Kila neno lilikuwa kweli na yote pamoja yalikuwa uongo.

Aliegemeza ufagio. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. Kwenye mistari ya viganja bado kuna weusi wa garaji, haujatoka miaka yote hii.

"Kumbe ni mimi tena," akasema. "Nilikusaidia kushindilia. Nilikuwa nimenawa, munganga, nakuapia nilinawa. Lakini hii mikono ilikunywa mafuta tangu zamani. Pengine hayatawahi kwisha."

Nilimwambia si hakika. Nilimwambia tungoje.

Akaniomba jambo moja: Alhamisi nimwache aseme mwenyewe mbele ya watu, nisimseme mimi. Amekwishafanya mara ya kwanza, anajua namna.

Nimerudi chumbani, nimekaa kitandani na viatu. Huyu mtu amesimama mara moja akabeba kosa lake, sasa anajitayarisha kubeba la kwangu, na tatizo lake kubwa ni kama alinawa vizuri au la. Mimi nina doa jeusi kidoleni na nalificha mfukoni. Natembea Kabambare nzima na mkono mmoja mfukoni kama bwana harusi.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimeandika barua kwa Marie-Thérèse. Kurasa mbili. Nimeisoma: "kulitokea", "ilionekana", "hali ya hewa ya usafirishaji". Mawese hayamo. Chumvi haimo. Nimeichana.

Nadine amepiga. Nilimwambia yote. Yote, hata kiazi. Kisha akauliza Chadia anaendeleaje. Nikasema bado kichwa kinamuuma. Akauliza kama anaendelea kunywa. Nikasema ndiyo.

"Sasa unaongea na mimi ya nini?" Akakata.

Alhamisi, 31 Oktoba. Asubuhi

Mkutano saa nne. Marie-Thérèse amelala Lusangi, yuko njiani. Naandika kwenye meza ya Mama Chadia, kwenye baraza. Alimasi yuko uani. Amevaa kanzu yake ya Idi. Ufunguo wa kibanda ameufunga kwenye leso nyeupe, ameuweka magotini, anangoja kuurudisha.

Nimeandika kwenye karatasi nyingine maneno ya kusema. Yako matano: mawese, mimi, kidole, chumvi, msinywe. Karatasi iko mfukoni, mahali ninapoficha kidole.

Mama Chadia ametoka na jagi na vikombe viwili. Ameviweka mbele yangu, kando ya daftari. Maji ya pampu, nayajua kwa pua. Amemimina kimoja, akamimina cha pili. Chadia amekuja akakaa mkekani, miguu imevimba, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Nilidhani ni ukarimu. Si ukarimu. Amekaa, ameweka mikono mezani, akasema polepole, kama anavyoongea na mteja ili asimwaibishe:

"Wewe unakunywa maji ya mutoni. Nakuona tangu juma mbili, unapita nyuma ya masomo na kibuyu. Sikukuuliza, nilisema mugeni iko na tumbo lake. Lakini Papa Alimasi iko pale na leso. Leo tutakunywa pamoja, mimi na wewe. Anza."

Nimeshika kalamu. Amedhani namalizia ripoti, amesema malizia, nakungoja.

Kwa hiyo naandika. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika itabidi niinue kichwa. Kidole kiko nje, kwenye kalamu, cheusi kabisa, anakitazama. Alimasi naye amegeuka. Pikipiki inasikika upande wa daraja, sijui kama ni ya Marie-Thérèse.

Chadia amesema kiu. Amenyoosha mkono kuchukua kikombe changu kwa kuwa mimi sinywi —

Nimekifunika. Mkono wa kushoto uko juu ya kikombe, wa kulia unaandika. Chadia ameucheka, alidhani namtania. Mama yake hajacheka. Amesogeza jagi kando, na kikombe chake, mbali na binti yake, mpaka ukingoni mwa meza. Amemwita Alimasi aje asikie.

Amekuja na leso yake. Amesimama. Wote watatu wananitazama, na Mama Chadia amesema: "Weka kalamu chini, mwanangu."